Pikipiki ya Édouard Onema na Safari ya Kama

KITUO CHA POLISI, KINDU
Maelezo ya shahidi kuhusu kifo cha Kikuni Florentin
Yamechukuliwa kwa Kiswahili, Jumatatu tarehe 4 Juni 1956, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi

Jina: Dembo Pélagie
Umri: miaka arobaini na moja hivi
Kazi: mshonaji nguo
Makao: Kindu, mtaa wa wenyeji, njia ya tatu nyuma ya soko

Nimeambiwa niseme ninayoyajua kuhusu kifo cha Kikuni Florentin, na jinsi maiti yake ilivyofika kijijini kwao, upande wa Kama, ikiwa juu ya pikipiki ninayoendesha mimi. Nitasema yote. Naomba nianze na pikipiki, kwa kuwa Bwana Komisari ameuliza mara mbili mwanamke ameipata wapi.

Pikipiki ni ya mume wangu, Onema Édouard. Alikuwa muuguzi katika kazi ya kupima ugonjwa wa malale. Alizunguka vijijini na sanduku la sindano. Mwaka 1941 daktari mmoja mzungu alimaliza muda wake, na alipokuwa anarudi kwao alimwachia pikipiki hiyo, FN ya silinda moja, ya mwaka 1934. Karatasi zake ni hizi nilizoweka mezani. Kabla ya hapo Édouard alikwenda kwa baiskeli, na kwenye mchanga wa njia ya Kibombo aliibeba baiskeli zaidi kuliko ilivyombeba yeye.

Mwaka 1942 alipata jipu kwenye goti la kuume, hakuweza kupiga teke la kuwashia. Akanifundisha mimi. Kila asubuhi kwa mwezi mzima niliiwasha mbele ya nyumba, yeye akisimama kando na fimbo ya kuegemea, akisema, "Polepole. Usiipige sawa muntu mwenye amekuzulumu. Sikiliza kwanza, kisha sukuma." Ikishawaka alipanda, akaenda kazini. Hayo tu ndiyo niliyojua juu ya pikipiki mpaka mwaka jana.

Mnamo tarehe 9 Machi 1944, saa moja asubuhi, walikuja askari wawili na ajenti mmoja wa serikali. Édouard alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, anapaka mnyororo grisi. Walisema kuna watu wanaokusanyika kwetu jioni za Jumanne kusoma maandishi ya Kitawala, dini iliyokatazwa na serikali. Hayo yameandikwa kwenye faili yake, nami sikuitwa hapa kwa ajili ya hayo. Siku ya nane alipandishwa meli pamoja na wenzake sita kwenda Ponthierville, na kutoka huko mbele zaidi, mpaka kambi ya watu walioondolewa makwao kwa amri ya serikali, upande wa Équateur. Niliruhusiwa kusimama bandarini lakini si kumkaribia. Wenzake walikuwa wakiita majina ya watoto wao. Sisi hatukujaliwa mtoto. Yeye aliita: "Pélagie! Pikipiki usiiache kwa mipira! Uinyanyue!"

Watu walicheka. Mimi sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani. Mipira ikikaa muda mrefu chini bila kuzunguka inakufa upande mmoja. Ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe hakutegemea kurudi upesi.

Niliinyanyua juu ya magogo mawili katika chumba cha nyuma. Nilipaka mafuta ya mawese kwenye mnyororo na kila penye chuma kinachong'aa, kwa sababu mafuta mengine wakati ule wa vita hayakupatikana. Nikashona magunia matano ya mchele pamoja, nikaifunika. Ilikaa hivyo miaka kumi na moja na miezi saba.

Baada ya hapo nilibaki na cherehani. Watu walileta nguo zao dirishani. Nasema dirishani kwa sababu ndani hawakuingia. Kila mmoja alikuwa na haraka. Nyumba ya mtu wa Kitawala ilikuwa inatazamwa, na mwenye kuingia aliweza kuulizwa alifuata nini. Siwalaumu. Jirani yangu Victorine, ambaye ua wetu umegawanywa kwa matete tu, alinisalimia akiwa peke yake, na akiwa na mume wake alitazama chini. Ndugu zangu wa Kibombo waliniita nirudi niolewe tena. Nilikataa, nao wakaacha kuniita. Kulikuwa na wiki ambazo sauti yangu niliisikia tu nilipomwambia mtu mzunguko wa kiuno chake.

Barua za Édouard zilifika nne kwa muda wote huo. Zilikuwa zimefunguliwa, na zilikuwa fupi. Kila moja iliuliza kama pikipiki ingali juu ya magogo. Ya nne ilifika tarehe 20 Oktoba 1955. Alisema majina yao yamesomwa mbele ya kambi, wataachiliwa, na atakuja kwa mojawapo ya meli za mwezi wa Mei. Niliisoma nimesimama. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, basi nikaenda chumba cha nyuma nikaondoa magunia.

Panya walikuwa wamekula kiti, zimebaki springi. Mawese yalikuwa yamegeuka gundi nyeusi. Mipira ilikuwa imepasuka kama visigino vya mtu wa shamba, ingawa haikugusa chini hata siku moja. Nilipanda juu ya kiguu cha kuwashia kwa uzito wangu wote, hakikushuka. Injini ilikuwa imeshikana. Nilikaa chini sakafuni. Nilifikiri kwamba Édouard anakuja na atakuta hii, na mimi pia nimekuwa hivi.

Jumapili tarehe 6 Novemba nilimwendea Michel, fundi wa karakana ya reli, mtu wa miaka karibu sitini aliyefiwa na mke wake. Zamani alikuwa akimsaidia Édouard. Hakuuliza mengi. Alisema, "Nitakuya ku mulango ya nyuma, Mama. Siku ya Mungu, kisha misa. Kama muntu anauliza, niko naleta suruali ya kushona." Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili na suruali ileile mkononi. Mpaka leo sijaishona, kwa kuwa haikuwa imechanika.

Michel alifungua buji, ile plagi ya kichwani mwa injini, akamimina ndani ya silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini, akasema tungoje. Tulingoja Jumapili tatu. Kila siku kati ya hizo niliingia chumbani asubuhi, nikashika gurudumu la nyuma nikalisukuma mbele na nyuma, kidogo, kama alivyonionyesha. Halikusogea. Tarehe 29 Novemba, siku ya Jumanne, nikiwa peke yangu, lilisogea upana wa kidole. Nilikimbia hadi mlangoni. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba sina wa kumwita, nikarudi.

Mengine yalifuata. Ndani ya kabireta nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Niliutoa kwa sindano za cherehani, tundu moja moja, nikavunja sindano tano. Tanki lilikuwa na kutu; tulitia kokoto za mtoni na sabuni, nikalitikisa mapajani kama mtoto asiyelala, jioni baada ya jioni, mpaka maji yakatoka meupe. Mnyororo Michel aliuchemsha katika mafuta. Manyeto, ile inayotoa cheche, aliichukua kazini kwake akaificha ndani ya sufuria ya chakula, akairudisha baada ya wiki mbili ikiwa imefungwa waya mpya. Kiti nilikishona mimi kwa turubai, mshono juu ya mshono, nikajaza pamba ya mti. Mipira miwili ilitoka kwa mapadri. Niliwashonea vitambaa vya altare, wao wakanipa mipira ya pikipiki yao ya zamani.

Nikiri jambo moja hapa. Miezi ile haikuwa mibaya. Nilikuwa na mikono michafu na mtu wa kumngojea.

Jumapili tarehe 12 Februari mwaka huu, saa nne na nusu asubuhi, tuliitoa uani. Michel alitaka kupiga teke yeye. Nikasema hapana. Mara nane haikuitika. Mara ya tisa ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Kuku wote walikimbia. Michel aliweka mkono juu ya tanki akacheka bila sauti. Victorine alipita katikati ya matete akasimama uani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu 1944. Aliuliza kama ndiyo ileile: "Njo ya Édouard?" Nikamjibu, "Njo yake." Alisimama kidogo, akafuta macho kwa sababu ya moshi, akarudi kwake. Siku hiyo Michel alikula kwangu. Niliweka sahani mbili mezani.

Mwezi wa Machi na wa Aprili Michel alinifundisha kuendesha, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, Jumapili jioni. Nilianguka mara mbili. Kovu hili la kiwiko ni la hapo. Sina kibali cha kuendesha. Kosa hilo nalikubali.

Meli za mwezi wa Mei zilikuwa tatu. Ya kwanza ilifika tarehe 3, ya pili tarehe 14, ya tatu tarehe 24. Kila mara nilikwenda bandarini na pikipiki, nikasimama pembeni ya ghala, na meli ilipofunga kamba nikawasha injini. Nilitaka asikie kabla ya kuniona. Mara mbili hakushuka.

Tarehe 24, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, abiria walishuka wakaisha. Wa mwisho alikuwa mwanaume mwembamba sana mwenye koti la kijivu na mfuko mmoja wa kitambaa. Alikuja moja kwa moja nilipo. Hakunitazama mimi, aliitazama pikipiki. Aligusa tanki. Alisema, "Silinda moja. Taa yake ya mbele iko na alama ya jiwe, upande wa kushoto." Alama hiyo ipo. Nikamwuliza ameijuaje.

"Alikuwa anatuelezea," alisema. "Kila jioni. Alikuwa anaichora mu muchanga, kipande kwa kipande, anatuuliza hii inaitwa namna gani. Tuko wengi kule tunaweza kuifungua na macho imefungwa." Kisha akasema, "Weye njo Pélagie. Miye ni Florentin, nililala kitanda cha pili yake miaka saba. Shemeji, zima kwanza hiyo mashini."

Nikajua. Sikuizima. Nilimwambia aseme, nitamsikia.

Alisema Édouard alikufa kwa homa ya siku tano, tarehe 11 ya mwezi wa kwanza, na yeye Florentin ndiye aliyemzika. Alisema walimwambia kwamba ofisi itanipasha habari. Mimi sikupashwa.

Nilihesabu. Siku injini ilipowaka uani kwangu, Édouard alikuwa na mwezi mmoja na siku moja chini ya ardhi. Ndipo nilipoizima.

Florentin alilala kwangu siku mbili, katika chumba cha nyuma. Alikuwa anakohoa damu. Karatasi yake ya kuachiliwa ilimtaka ajionyeshe ofisini Pangi kabla ya tarehe 31 Mei, kisha abaki kijijini kwao. Ijumaa alizunguka kwa madereva wa malori ya Kalima. Mmoja alimwona akikohoa, akamwambia ashuke. Mwingine alisoma karatasi yake tu, akamrudishia. Jioni alikaa kwenye kizingiti akasema mama yake yuko hai, yuko na miaka mingi, na kwamba kutembea kwa miguu hatafika. Hakuniomba kitu.

Bwana Komisari ameuliza kwa nini nilijitolea. Nilikuwa na pikipiki inayotembea, na yule niliyemtengenezea hakuwa anakuja.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 26 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, kwa kivuko cha kwanza. Saa ninazozitaja ni za saa ya mkononi ya Édouard, hii niliyovaa. Tulipita Kailo saa tatu, tukafika Kalima saa tisa na nusu alasiri. Tulikuwa tunasimama kila akitaka kukohoa. Njiani alinisimulia mambo ya kambi karibu na sikio. Alisema Édouard aliwadunga wagonjwa sindano kwa miaka yote bila cheo wala kofia. Alisema siku moja pampu ya maji iliharibika, mzungu akauliza nani anajua mashini, na Édouard akajibu: "Mimi najua kidogo. Bibi yangu njo anajua kuwasha." Nilimwomba arudie. Alirudia.

Kalima tulifikia kwa Bruno, mtoto wa mama mdogo wa Florentin, anayefanya kazi kwenye machimbo ya bati. Bruno alitukuta mlangoni. Alisema, "Ndugu yangu, wakijua nimekupokea, kazi imekwisha. Mulale ku baraza." Alituletea fufu la muhogo na sombe ya majani yake, akaweka chini, akaingia ndani. Florentin alikula kidogo. Alisema, "Usimukasirikie, shemeji. Iko na watoto." Tulilala barazani, yeye kwenye mkeka, mimi nimeegemea gurudumu.

Jumapili tarehe 27 tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa nne tulisimama kwenye kijito. Alikunywa maji, akayatoa pamoja na damu. Mikono yake haikuwa na nguvu tena ya kunishika. Aliniomba nimfunge. Nilichukua kikwembe changu cha pili, nguo ya kujifunga, nikakipitisha mgongoni kwake na tumboni kwangu, nikafunga fundo mbele. Alisema, "Sasa usisimame tena. Ukisimama, sitaweza kupanda."

Basi sikusimama. Alikuwa ameweka shavu mgongoni kwangu, kati ya mabega. Nilisikia joto la pumzi yake kupitia nguo. Miaka kumi na miwili hapakuwa na mtu aliyeniegemea, nami niliendesha polepole kuliko ilivyohitajika. Alizungumza mara moja tu, akauliza kama tumepita daraja la miti. Nikasema bado. Tulipolipita nilimwambia, "Daraja hiyo, shemeji." Hakujibu. Nilifikiri amelala.

Saa saba na dakika ishirini, kwenye mteremko, uzito wake ulihamia wote upande wa kushoto, na mgongo wangu ulikuwa umepoa. Nilisimama. Nilifungua fundo, nikamlaza kwenye majani. Alikuwa amekufa, sijui tangu lini. Sikuona jeraha wala hakuanguka. Hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Nilimfunga mdomo na macho. Nilikaa naye karibu nusu saa. Hakuna aliyepita.

Sasa nafikia jambo ambalo Bwana Komisari analitaka zaidi. Nilijua kwamba sheria inataka nitoe habari kwenye kituo kilicho karibu, na kituo kilicho karibu kilikuwa Pangi. Nilijua pia kwamba wangemzika palepale kwa haraka, kwa sababu ya joto, na kwamba mama yake angepata habari baadaye, au asingepata. Nilimwinua. Ilinichukua muda mrefu, ingawa alikuwa mwepesi. Nilimfunga tena, safari hii kwa vikwembe viwili, miguu yake nikaifunga kwenye chuma cha kukanyagia, nikamvalisha kofia mpaka machoni.

Saa nane na dakika arobaini nilifika kwenye kizuizi cha barabara cha Pangi. Askari mmoja alitoka kwenye kivuli. Aliuliza, "Huyu ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Iko namna gani?"

"Iko nalala. Njia imemuchokesha."

Nilimpa karatasi ya Florentin niliyoitoa mfukoni mwake. Aliisoma, akamtazama, akatazama pikipiki. Alisema, "Mashini ya zamani sana hii. Nani aliitengeneza?" Nikasema, "Miye." Alicheka, akainua mti, akasema tupitie ofisini kesho, leo ni Jumapili. Askari huyo hana kosa. Nilimdanganya, na nilijua ninadanganya. Naomba iandikwe hivyo.

Nilifika kijijini kwao saa kumi na moja na robo. Florentin alikuwa amenieleza: nyumba ya tatu baada ya soko la chumvi, yenye mchikichi uliopinda. Watu walikimbilia sauti ya injini, wakaona, wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kugusa fundo. Mama mmoja mzee alitoka, mdogo sana, anaitwa Mwanvua. Hakupiga kelele. Alikuja akashika uso wa mwanawe, akamtoa kofia, akaurudisha mkono wa mwanawe kifuani. Kisha akafungua vikwembe mwenyewe. Wanaume walipoona hivyo wakaja kumpokea.

Baadaye, Florentin akiwa amekwisha kuoshwa, mama huyo aliniita ndani. Aliniuliza, "Alikuwa anazungumuza na weye?" Nikamwambia maneno yote aliyosema, mpaka lile la daraja. Aliuliza, "Weye ni nani yake?" Nikasema mimi si mtu wake, mume wangu alikuwa kambi moja naye, na Florentin ndiye aliyemzika mume wangu. Nilisema hivyo kwa mara ya kwanza kwa mdomo wangu, kwamba Édouard amezikwa.

Akauliza, "Na maiti ya bwana yako, nani alikuletea?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye mkeka wa wafiwa, katikati ya dada zake. Aliwaambia, "Mumuache nafasi. Huyu naye amefiwa. Tutalia wawili." Wakasogea. Mmoja akauliza jina la marehemu wangu, nikalisema, nao wakaliweka kwenye wimbo, pamoja na la Florentin. Wanawake nisiowajua, ambao hawakumwona hata siku moja, waliita Onema Édouard, muuguzi, mume wa Pélagie. Nililia hapo. Hapa Kindu nilikuwa sijalia.

Florentin alizikwa Jumatatu tarehe 28 Mei, saa tatu asubuhi, nyuma ya nyumba ya mama yake. Nilibaki matanga siku tatu. Niliondoka Alhamisi jioni, nikalala njiani. Ijumaa tarehe 1 Juni nilipita ofisini Pangi kwa hiari yangu, nikaweka karatasi ya Florentin mezani, nikasema yaliyotokea. Waliniandika, wakaniambia niripoti Kindu. Jumamosi tarehe 2, saa kumi alasiri, nilipotoka kwenye kivuko, askari walikuwa wananingoja, wakachukua pikipiki.

Nimesikia hapa kituoni kwamba kuna wazo la kumfukua Florentin apimwe na daktari. Mimi si mtu wa kupanga kazi ya serikali. Lakini nimeeleza jinsi alivyokufa, na dereva mmoja aliyemkataa hapa Kindu alimwona akikohoa, na Bruno wa Kalima alimwona usiku mmoja kabla. Kama kuna adhabu kwa kumbeba maiti bila ruhusa, na kwa uwongo wa kizuizini, na kwa kibali nisicho nacho, ni yangu, nami niko hapa. Ninaomba mama yule asiguswe.

Nimeulizwa kama nina majuto. Nilipaswa kuendesha upesi kidogo. Zaidi ya hilo sina.

Niliyoyasema yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyasikia, na ndivyo yalivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: Dembo Pélagie

Maandishi ya mpokeaji:

Nimechukua maelezo haya mimi, sajini-karani Amuri Célestin, nikamsomea shahidi polepole. Alisahihisha mahali pawili: saa ya kizuizini, na neno "mzigo" nililoandika mimi badala ya "maiti."

Kwa amri ya Komisari nilitafuta faili ya Onema Édouard, iliyoletwa asubuhi hii kutoka ofisi nyingine. Ndani yake nimekuta telegramu ya tarehe 14 Januari 1956 inayotangaza kifo chake na kuagiza mke wake ajulishwe. Haina alama ya kuonyesha kwamba ilitolewa nje ya faili. Komisari ameniruhusu nimjulishe. Nimeisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Shahidi aliomba isomwe tena. Nimeisoma tena.

Aliuliza kama anaweza kupewa. Nilimwambia ni mali ya faili. Aliomba basi kipande cha karatasi, nami nikamnakilia kwa mkono wangu, nikagonga muhuri.

Ameondoka kituoni saa sita na robo mchana, kwa miguu. Fundi Michel wa karakana ya reli alikuwa anamngojea nje, amekuja katikati ya kazi. Wameondoka wote wawili kwa barabara ya mbele.